Filamu yetu ya kwanza ilikaa kwenye diski miezi saba. Ya pili tuliizungusha wenyewe, kutoka Dunga, Kisumu, hadi Mbale, Vihiga

MkaziWaDunga (mwanzisha uzi)

Habari zenu. Nimesoma nyuzi nyingi za wapiga picha na watayarishaji humu, na karibu zote zinaishia kwenye kamera: ipi nzuri, lenzi gani, ya kukodi au ya kununua. Ni nadra mtu kuuliza filamu yenyewe itatazamwa na nani, na wapi. Mimi niko Kisumu. Nimetayarisha filamu mbili ndefu kwa pesa zetu wenyewe, na ya kwanza ilinifunza kwa uchungu kwamba hilo ndilo swali la kuulizwa kamera ikiwa bado kwenye begi. Nitaeleza kwa urefu. Mwenye filamu iliyolala kwenye diski nyumbani avute kiti.

Filamu ya kwanza tulikuwa na shilingi 640,000. Michango ya familia, akiba yangu ya kupiga video za harusi na matanga, na mkopo wa chama. Pesa yote ikaishia kwenye siku 14 za kupiga picha, chakula na usafiri, halafu uhariri. Tulipomaliza hatukuwa na hata ya kuchapisha mabango. Na hata tungekuwa nayo, hatukuwa na picha ya kuweka kwenye bango, kwa sababu siku zote hizo 14 hakuna aliyepewa kazi ya kupiga picha za mnato za waigizaji wakiwa kazini. Tukakata fremu kutoka kwenye video, zikatoka na ukungu. Tukakodi ukumbi mjini Ijumaa jioni, kiingilio shilingi 500. Walikuja watu 31, na 20 kati yao walikuwa waigizaji na ndugu zao. Baada ya hapo diski ikaingia kabatini ikakaa miezi saba.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja anayeuza samaki pale ufuoni Dunga. Tulipigia picha kibandani kwake, tukatumia sufuria zake, akatupa na chai. Siku moja akaniuliza, "Ile sinema yenu iliisha?" Nikamwambia ilishaonyeshwa mjini. Akaendelea kuparua magamba, kisha akasema, "Kumbe mlichukua sura zetu mkaenda kuwaonyesha wengine."

Sikuwa na jibu, na maneno hayo sijayasahau mpaka leo.

Kwa hiyo filamu ya pili niliipangia bajeti kuanzia mwisho. Kabla ya kuhesabu siku za kupiga picha nilihesabu usiku wa kuonyesha. Tulikusanya 660,000. Laki mbili na nusu tukaziweka kwenye akaunti ya peke yake, sahihi mbili, zisiguswe kwa lolote linalohusu kamera. Mvua ilituharibia siku mbili Ahero na mwongozaji akanisihi tuzifungue. Nilikataa. Tukakaa chini tukapunguza tukio moja kwenye muswada, na ukiitazama filamu leo huwezi kujua kuna kitu kimetolewa.

Naendelea kwenye posti ya chini, maana hapa pamejaa.

MkaziWaDunga

Vifaa. Skrini tulishonewa na fundi wa nguo pale Kibuye. Kitambaa cheupe kizito, mita tano kwa tatu, pindo pana pande zote, na matundu ya chuma ya kupitisha kamba kila baada ya sentimita 30. Mgongoni akaweka kitambaa cheusi. Hicho cheusi msikidharau: bila hicho mwanga unapenya, picha mbele inafifia, na nusu ya watoto wanahamia nyuma ya skrini kutazama filamu iliyogeuka. Projekta tulinunua iliyotumika, yenye nguvu ya mwanga wa lumeni 5,000. Spika, jenereta na viti tulikodi kwa watu wa matanga. Huku Nyanza na Magharibi ni vigumu kupata kata isiyo na mtu mwenye hema, viti vya plastiki, spika mbili kubwa na jenereta, na anayejua kuzifunga gizani bila kuuliza. Watu wanalia kwamba hatuna kumbi za sinema, ilhali vifaa vya ukumbi vinapita barabarani kila Alhamisi juu ya pikapu. Kitu cha kuongeza ni waya wa mita 50, jenereta ikae mbali nyuma ya nyumba, la sivyo mazungumzo yote ya filamu yatamezwa.

Sasa onyesho la kwanza. Tulilifanya Dunga, kabla ya kufunga uhariri, kwa makusudi, na kiingilio hakikuwepo. Kuna tukio mhusika mkuu anapasua samaki aina ya mbuta huku anagombana na shemeji yake. Mwigizaji wetu ni mzuri sana, amelelewa na jukwaa la maigizo ya shule, na machozi yake pale ni ya kweli. Lakini kamera ilishuka mikononi mwake kwa sekunde nne hivi. Akina mama walioketi mbele wakaguna wote kwa pamoja. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyo hajawahi kupasua samaki." Kisu alikishika kama cha kukata mkate, na aliingilia tumboni, wakati wao wanapasua kutoka mgongoni ili samaki afunguke kama kitabu, tayari kwa kukaangwa au kukaushwa. Kuanzia hapo wakaacha kumwamini. Tukio zito kuliko yote, na walikuwa wanazungumza kuhusu kisu.

Kesho yake tulirudi na kamera. Mama yule yule wa samaki akavaa kanga ya mwigizaji na kukaa mahali pake, tukapiga mikono yake tu, picha nne za karibu: kisu kinaingia nyuma ya kichwa, kinateremka kufuata uti, dole gumba linafungua, maji yanamwagwa. Tukaziingiza badala ya zile zetu. Tulipoonyesha tena, pale pale, watu wale wale, tukio lilipofika pakawa kimya mpaka nikasikia jenereta kwa mbali.

Ndiyo maana nasema usambazaji usiachwe mpaka mwisho. Watazamaji wa kwanza walituhariria filamu.

Menengai_Picha

Asante kaka kwa uzi. Mimi ni mwanafunzi, niko Nakuru. Na wenzangu tuna filamu fupi ya dakika 18 tuliyopigia kule juu Menengai. Hatuna gari wala projekta. Mpango wetu ni kuiweka YouTube wiki hii hii, tusambaze viungo kwenye magrupu, tuanze kupata kitu. Huoni kuzunguka vijijini ni gharama kubwa kwa watu wachache, wakati mtandaoni unafikia dunia nzima?

MkaziWaDunga

Menengai_Picha, hongereni kwanza kwa kumaliza, wengi hawamalizi. Lakini naomba msiiweke wiki hii. Nina sababu mbili.

Ya kwanza ni hesabu. Ili chaneli ianze kugawana mapato ya matangazo, kiwango kinachojulikana ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 kwa filamu ya dakika 18 ni kutazamwa mara 13,300 hivi, kila mara mpaka mwisho. Na watu hawatazami mpaka mwisho. Chaneli inahitaji kulishwa kila wiki, na filamu moja, hata iwe nzuri vipi, haiwezi kufanya kazi hiyo.

Ya pili ni milango mnayoifunga. Matamasha mengi ya filamu yanataka kuwa ya kwanza kuionyesha, au angalau isiwe mtandaoni. Kituo cha televisheni kinapokuja kununua haki swali ni lile lile. Ukishaimwaga bure umemaliza cha kuuza. Mtandao uwe kituo cha mwisho. Anzeni na tamasha, kisha maonyesho yenu wenyewe, televisheni ikipatikana ifuate, ndipo YouTube. Filamu fupi peke yake haimtoi mtu nyumbani, kwa hiyo tafuteni vikundi vingine viwili hapo Nakuru vyenye filamu fupi, muungane mpate jioni ya saa moja na nusu. Jumba la Nakuru Players liko hapo hapo mjini, kaulizeni. Kila kikundi kitaleta watu wake.

Kuitangaza filamu mtandaoni ni jambo jingine, hilo tulilifanya sana. Kionjo cha sekunde 30 kinachotosha kwenye status ya WhatsApp, kimepigwa kwa wima, chenye maandishi makubwa ya siku na mahali. Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kile kilichoonyesha sura za watu wa pale pale kijijini wakipita nyuma ya waigizaji. Kila mtu alikirusha kwa sababu alimwona shangazi yake.

KibandaZamani

Mimi ni mzee kidogo humu. Niliendesha kibanda cha vidio Kakamega miaka kumi na moja, mabati pande zote, mabenchi ya mbao, televisheni mbili na deki. Mtoto shilingi tano, mkubwa kumi, baadaye ikapanda. Nataka kuongeza jambo ambalo vijana wanalikosa.

Kibandani kwangu filamu ya Hong Kong au Marekani ikiwekwa bila msimulizi, watu wanatoka. Ikiwa na sauti ya wasimulizi kama akina DJ Afro juu yake, wanajaa mpaka mlangoni. Wengine walidhani ni kwa sababu watu hawajui Kiingereza. Lugha ilikuwa sehemu yake, ila msimulizi alikuwa anafanya zaidi ya kutafsiri. Alimpa mhusika jina la mtaani, akakueleza yule adui ni mtu wa aina gani, akakuambia kaa chonjo sasa. Alikuwa mtazamaji mwenzako anayejua filamu kuliko wewe. Na hii desturi ni ndefu, Uganda na Tanzania nao wana wasimulizi wao mashuhuri.

Pia sinema ya kwenye lori si ngeni hapa. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza wenye kambi Vugiri, Tanganyika, uliotengeneza filamu fupi za kuwaelekeza Waafrika: safura, ukulima, kuweka akiba posta. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka kusini, skrini ikitundikwa uwanjani, na sauti ikitoka kwenye santuri, kwa lugha mbalimbali. Babu zetu walikusanyika kwa maelfu. Kwa hiyo mtu asiniambie watu wetu hawana utamaduni wa kutazama sinema pamoja. Walikuwa nao kabla ya televisheni, isipokuwa filamu zenyewe ziliandikwa na wengine wakiwa na yao ya kuwaambia.

MkaziWaDunga, filamu yenu ni ya lugha gani? Na Mbale mlieleweka vipi?

MkaziWaDunga

Mzee KibandaZamani, shikamoo, na asante. Umegusa penyewe.

Filamu ni Kijaluo na Kiswahili, vinachanganyika kama tunavyozungumza Kisumu. Kwa Vihiga tuliweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Usiku wa kwanza, karibu na Luanda, nikasimama nyuma kabisa kuangalia. Maandishi yalikuwa madogo, walioketi mbali hawakuyaona, wazee hawakuwa na miwani, na watoto walikuwa wanayasoma kwa sauti wakichelewa kila sentensi. Nusu saa haijaisha watu wakaanza kuondoka.

Mbale tukabadilisha. Tulimpata kijana mmoja wa pale anayetangaza kwenye mechi za mpira. Tukampa filamu siku mbili aitazame, tukakaa naye, tukakubaliana mahali pa kunyamaza, hasa tukio la kisu na lile la mwisho. Usiku akashika maiki, akasimulia kwa Kimaragoli na Kiswahili. Sehemu za ugomvi aliwaachia waigizaji wapige kelele zao, kisha akaingia kwa sentensi moja tu. Hakuna aliyeondoka. Mwisho mzee mmoja akanifuata, akanishika mkono, akaanza kunieleza kuhusu kaka yake na shamba lao. Filamu yetu haina shamba hata moja ndani yake. Ina mtumbwi ambao ndugu wawili wanagombania. Alielewa yote.

MwalimuWaMaigizo

Naomba niingie kwa hapo pa lugha. Ousmane Sembène wa Senegal alianza kama mwandishi wa vitabu kwa Kifaransa, akaona watu wake wengi hawawezi kuvisoma, ndipo akaingia kwenye sinema. Mwaka 1968 akatoa filamu ya Mandabi kwa Kiwolofu ili watu wa kwao wasikie wenyewe. Na hakuishia kuitengeneza. Alikuwa akibeba filamu zake vijijini, akionyesha, kisha anakaa kujadiliana na watu mpaka usiku. Sinema aliiita shule ya jioni. Ninawaambia wanafunzi wangu hivyo kila mwaka tunapojiandaa kwa tamasha la kitaifa la maigizo na filamu za shule na vyuo, kwa sababu wanafikiri filamu ya lugha ya mama ni ya kushindwa.

Swali langu: shule mlizifikia?

MkaziWaDunga

Mwalimu, ndiyo, shule tano za sekondari, mchana, kwenye bwalo lililofunikwa madirisha kwa mablanketi. Shule ililipa kwa mkupuo, hatukumtoza mwanafunzi. Baada ya filamu mhariri wetu alifungua kompyuta akawaonyesha tukio moja likiwa na sauti ghafi na likiwa na sauti iliyosafishwa. Pale ndipo walipouliza maswali mengi zaidi. Wengi walidhani kamera ndiyo inayorekodi kila kitu. Walishangaa kusikia kwamba baada ya kila tukio tulisimama wote kimya dakika nzima kurekodi sauti tupu ya mahali pale: ndege, maji, redio ya jirani. Bila hiyo, kila ukikata kutoka picha moja kwenda nyingine sikio linashtuka.

BintiWaBungoma

Mimi ni mwigizaji. Niulize kisichoulizwa. Waigizaji mliwalipa? Maana nimeigiza filamu nne Bungoma na Webuye, na mara tatu niliambiwa "tutagawana ikiuza". Hakuna aliyeniambia iliuza lini.

MkaziWaDunga

Dada, pole, na una haki ya kuuliza. Kwenye filamu ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, niliwaambia watu tutagawana, na hakukuwa na cha kugawana. Nimewaomba radhi mmoja mmoja.

Ya pili kila mwigizaji alilipwa kwa siku, jioni ile ile, kwa M-Pesa, hata kama ni kidogo. Juu yake tukaandika makubaliano ya kurasa mbili: asilimia kwa kila mmoja baada ya kurudisha gharama za kuzunguka. Na hesabu ya kila usiku tuliipiga picha tukaitupa kwenye grupu la WhatsApp la waigizaji wote kabla hatujalala. Usipokee tena "tutagawana" isiyo na karatasi. Uliza wazi: nani anashika daftari, na nitaliona lini.

Makubaliano hayo yalisaidia pia kutangaza. Mwigizaji anayejua ana asilimia hahitaji kusukumwa kwenda redioni. Wawili wao walikaa studio saa nzima kwenye kipindi cha Kijaluo cha asubuhi, hawakulipia hata senti, na jioni uwanja ulijaa.

Wakili_wa_Filamu

Kabla watu hawajakimbia kushona skrini: vibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu iainishwe na bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya, yaani KFCB, kabla ya kuonyeshwa hadharani. Utapewa daraja: GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, 16 au 18 kwa waliofika umri huo. Bango nalo linahitaji idhini, wengi hulisahau. Daraja lako lionekane kwenye matangazo. Msichanganye bodi hiyo na Kenya Film Commission, ambayo kazi yake ni kukuza tasnia, na ndiyo yenye tuzo za Kalasha.

Muziki pia. Wimbo wa benga unaoupenda una mwenyewe, na kuuweka kwenye filamu kunahitaji ruhusa yake kwa maandishi. Televisheni haitakugusa bila karatasi hiyo.

MkaziWaDunga

Wakili ameongea kweli tupu. Sisi tulipata PG. Muziki wote tulirekodi na mzee mmoja mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Kijaluo, alasiri mbili chini ya mwembe, akasaini na kulipwa. Nyuzi nane zile zimebeba filamu nzima. Juu ya kibali cha bodi, kila mahali pa kuonyesha tulipeleka barua mapema kwa chifu na kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, tukamwona mzee wa kijiji, tukapata vijana wa hapo hapo wa kulinda nyaya. Hatukupata fujo hata usiku mmoja.

Omera_K

Hesabu basi. Usiku mmoja unaingiza ngapi?

MkaziWaDunga

Usiku wa wastani kwetu, nimeutoa kwenye daftari. Wakubwa 210 kwa shilingi 50 ni 10,500. Watoto 130 kwa shilingi 20 ni 2,600. Jumla 13,100. Gharama: usafiri 3,500, mafuta ya jenereta 1,800, vijana wa ulinzi 1,500, bodaboda yenye spika ya kutangaza tangu asubuhi 1,000, uwanja 1,000, chakula 900. Hiyo ni 9,700. Spika na viti tulilipa kwa mkupuo wa mwezi, viko nje ya hii. Kwa hiyo mlangoni unabaki na 3,400. Juu yake maduka sita ya hapo, mwenye agroveti, kinyozi, duka la simu, kila mmoja 500 kwa tangazo la sekunde 20 kabla ya filamu. Tuliyapiga mchana ule ule kwa simu nzuri, mwenye duka akiwa mlangoni kwake, na watu walishangilia kuliko walivyoshangilia waigizaji. Hapo unafika 6,400.

Tulifanya usiku 17. Mara tatu mvua iliharibu. Hatukutajirika na sitadanganya mtu, deni la mwisho lilifutwa na haki tulizouza kwa televisheni. Lakini televisheni walinisikiliza kwa sababu niliweka mezani daftari lenye watu zaidi ya 4,000 waliolipa. Filamu ya kwanza niliwapelekea diski peke yake, hawakunipigia hata simu.

Na jambo la ratiba, hili nilifundishwa na wavuvi. Nilipanga Dunga na fukwe nyingine kwenye giza la mwezi, kwa kuwa skrini inang'aa vizuri. Makosa mawili kwa mpigo. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo wanaume wote walikuwa ziwani, taa zao tunaziona kule mbali zimejipanga kama mji. Halafu saa mbili hivi wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kama moshi, wakafuata mwanga wa projekta. Mbele ya lenzi ikawa kama theluji inaanguka. Waliingia kwenye feni, projekta ikapata joto ikajizima, na nilipofungua chujio lilikuwa limefunikwa na tabaka jeusi, laini, kama masizi mabichi. Tulisafisha kwa mswaki robo saa, watu wakisubiri kwenye giza.

Mzee wa ufuo akaniambia, njoo mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa ya omena haivuti samaki, wavuvi wanabaki nyumbani, mifuko ina kitu. Tukarudi. Picha ilififia kiasi, tukaisogeza projekta karibu na skrini, ikapungua ukubwa ikarudisha nguvu. Watu 400 na zaidi. Usipange fukwe kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena umefungwa na pesa haipo. Na sehemu za majani chai kama Mudete, subiri bonasi ilipwe.

Menengai_Picha

Kaka, tumeacha kuiweka mtandaoni. Tumepata vikundi viwili, kimoja cha Njoro. Tutaanza na tamasha kwanza kama ulivyosema. Tuna picha za mnato tatu tu, je, zinatosha?

MkaziWaDunga

Hazitoshi kwa miezi yote mtakayotangaza. Waiteni waigizaji, wavae nguo zile zile, rudini Menengai asubuhi mapema, mpige hata 40. Mmoja mmoja uso kwa karibu, wawili wawili, na mkiwa kazini na kamera. Magazeti na matamasha huomba hizo za kazini.

KibandaZamani

Kijana, nina swali la mwisho. Nimezungumza na watu wa kanisa letu huku Butere na mwalimu mkuu wa msingi. Uwanja upo, umezungushiwa ua wa michongoma, mlango mmoja. Msimulizi ninamjua, alikuwa akisimulia kibandani kwangu akiwa mdogo. Jenereta tunayo. Hatuna skrini wala filamu. Mnaweza kuja?

MkaziWaDunga

Mzee, tunakuja. Nitakutumia nakala ya filamu wiki hii, msimulizi aitazame angalau mara tatu. Peleka barua kwa chifu kesho, nitakutumia cheti cha bodi uambatanishe. Mwezi utakuwa umeshapungua, kwenu haina shida, hamna omena wala wale wadudu. Pima ukuta wa darasa lililo karibu na mlango: ukifika mita tatu kwenda juu tutafunga skrini hapo, upepo wa jioni usiichukue. Na tafuteni kamba za katani mita 30, zetu zilikatika Mbale.